Mgeni wa Siku Kumi na Nne

Kabatini mwangu mna jalada la karatasi ambazo wanangu wamenishauri mara nyingi nizichome. Zimo barua za uhamisho, zimo orodha za wanafunzi wa miaka ya zamani, na kimo kijikaratasi kimoja cha mwaka 1984, kilichoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri mpakani Sirari. Kinamruhusu mwanamke mmoja kutoka Kenya kukaa Tanzania kwa siku 14. Sababu ya safari: kutembelea ndugu. Mwanamke mwenyewe alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu toka nitoke, na nyumba aliyokuwa akienda kukaa hizo siku 14 ilikuwa katika boma alimozaliwa.

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, kwanza upande wa Serengeti na baadaye Tarime, na kila nilipofika kwenye somo la mipaka niliwaambia watoto wachukue rula. Waiweke kwenye ramani ya Afrika Mashariki, waanzie pwani pale mto Umba unapoingia baharini, waivute kwenda kaskazini-magharibi mpaka ziwani. Mstari wanauona mara moja, umenyooka kama ukingo wa dawati, isipokuwa pale ulipokunjwa ili mlima Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari huo uishie ufukwe wa mashariki wa ziwa, pale latitudo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta inapolikuta. Mwaka 1890 wakauendeleza kulivuka ziwa lenyewe. Baadaye, kati ya 1904 na 1906, ikaja tume ya wapimaji wa pande mbili kupima ardhini kile kilichokuwa kimechorwa mezani.

Hakuna aliyeuliza nani anaishi juu ya mstari huo. Tulikuwapo sisi Wakuria. Koo zetu nne, Wanyabasi, Wairege, Wakira na Wagumbe, ziko pande zote mbili hadi leo. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza darasani, "Mwalimu, kama rula yao ingeteleza kidogo, mimi ningekuwa Mkenya?" Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba angekuwa anafanya mtihani mwingine kabisa.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mstari huo haukutusumbua sana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza alitawala pande zote mbili. Vijana wa North Mara, kama wilaya yetu ilivyoitwa, walikwenda kuchuma chai Kericho na wengine wakaingia jeshini, King's African Rifles, bila mtu kuwaita wageni. Karatasi zilikuwapo, lakini zilikuwa za namna nyingine. Kule Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya vita hiyo, mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha bati. Kipande hakikuuliza umetoka nchi gani wala utarudi lini. Kilitaka kujua unamfanyia nani kazi, na kama amekuruhusu kuondoka. Baba yangu alikuwa nacho. Alisema kitu alichokichukia zaidi ni mlio wa kile kikopo kikigonga kifungo cha shati alipokuwa akitembea.

Shangazi aliolewa ng'ambo kabla ya uhuru. Ng'ombe wa mahari yake walisagwa kutoka upande wa pili kuja kwetu mchana kweupe, na hakuna aliyeandika chochote. Kila alipopata mtoto alikuja kumwonyesha kwa bibi. Aliondoka kwake jua likichomoza, na kabla ya saa sita alikuwa uani kwetu akipekua chungu kuona tumepika nini.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, watu wa mpakani hatukuona tofauti kubwa. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutumia shilingi yake, tukajifunza kuhesabu fedha za aina mbili. Mwaka uliofuata marais watatu walitia saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli ilikuwa moja, posta moja, shirika la ndege moja. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulifundishwa Jumuiya kama jambo ambalo limekwisha kuwa, kama vile milima na mito.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa upande wa Serengeti, si mbali na Mugumu. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mgeni wa namna ile ambayo fomu za serikali humwazia, yaani mtalii. Wengi wao waliteremkia Nairobi, wakaja kwa magari mpaka hoteli ya Keekorok iliyoko Maasai Mara, kisha wakavuka mpaka karibu na Mto Mchanga na kuingia Serengeti kupitia Bologonja. Wakalala Lobo au Seronera, na baada ya siku chache wakarudi walikotoka. Magari yalikuwa ya Kenya na madereva walikuwa wa Kenya. Malalamiko ya serikali yetu yalijulikana: wanyama wako kwetu, gharama za kuwalinda ni zetu, lakini fedha nyingi zinabaki Nairobi. Sisi walimu wa mshahara mdogo tulilisema jambo hilo kwa ufupi zaidi, kwamba tunaachiwa vumbi.

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ilikuwa mahututi tayari. Shirika la ndege la pamoja lilikuwa limesambaratika na Kenya ilikuwa imeanzisha la kwake. Magari na ndege ndogo za kampuni za utalii za Kenya zilizokutwa upande wetu zilizuiwa, na wageni waliokuwa mbugani wakajikuta hawana njia ya kurudi walikotokea. Kesho yake, tarehe 5, ilizaliwa CCM. Nakumbuka tuliandamana na watoto wa shule kushangilia chama kipya, na mimi niliimba kwa sauti kubwa. Sikuwa nimeelewa kwamba siku moja kabla ya sherehe ile shangazi yangu alikuwa amegeuzwa mtu wa nchi nyingine.

Ningekuwa mwongo kusema kwamba niliona uamuzi ule kuwa mbaya. Nilikuwa kijana mwenye umri wa miaka 26, niliyelelewa katika Azimio la Arusha, na nilifikiri jirani akituchezea ni haki afungiwe mlango. Nilifundisha hivyo. Niliandika ubaoni sababu za kuvunjika kwa Jumuiya, watoto wakanakili, na sababu zote zilikuwa za upande wa pili.

Baba alifariki mwaka 1979, wakati mpaka bado umefungwa. Habari ilivuka kabla ya jua kuchwa, maana habari za msiba hazijawahi kuhitaji ruhusa. Shangazi akavuka usiku kwa njia za panya, kupitia mashamba ya mahindi, akiongozana na mwanawe mkubwa. Walifika alfajiri, nguo zimelowa umande hadi magotini. Akaingia moja kwa moja alipolazwa ndugu yake, na ndipo tulipomsikia.

Kulikuwa na mgambo pale kijijini waliopewa kazi ya kuwaangalia watu wa kutoka ng'ambo. Kamanda wao alikuwa jirani yetu, mtu mzima aliyekua pamoja na baba. Alikuja msibani kama wengine, akaketi. Sote tulijua kwamba anamjua yule mwanamke aliyekuwa akilia ndani. Kwa utaratibu wa kazi yake alipaswa kumkamata, au angalau kupeleka taarifa. Alikaa mpaka mazishi yakaisha, akanipa mkono, akasema, "Pole, mwalimu. Leo macho yangu yananisumbua, sioni mbali." Shangazi aliondoka usiku uleule. Hakukaa matanga. Binti wa nyumba kuondoka kabla ya matanga ya kaka yake kuisha ni jambo ambalo kwetu halielezeki, na aliishi nalo mpaka mwisho.

Nilirudi darasani wiki iliyofuata. Somo la kuvunjika kwa Jumuiya lilikuwamo katika mpango wa kazi. Nilililisoma haraka haraka, nikapita.

Novemba 1983 marais wa nchi tatu walikutana Arusha na mpaka ukafunguliwa. Kazi ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, iliyosimamiwa kwa miaka mingi na Mswisi aitwaye Victor Umbricht, ilimalizika kwa mkataba wa Mei 1984. Mwaka huohuo shangazi alikuja kwa njia kuu. Nilikwenda kumpokea Sirari kwa baiskeli, mwendo wa kilometa kama 20 kutoka Tarime mjini, kwa sababu yeye hakujua kusoma na nilihofia atababaishwa.

Hakubabaishwa. Afisa alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine, mgeni kuliko sisi sote pale. Aliuliza maswali ambayo maafisa wa aina yake huuliza dunia nzima: wewe ni nani, umekuja kufanya nini, utaondoka lini. Jina akapata. Swali la pili lilimchanganya shangazi.

"Sikuja kufanya kitu," alisema. "Nimekuja kwetu."

Kijana akanitazama. Nikamweleza. Akaandika: kutembelea ndugu. Akauliza siku ngapi. Shangazi akanigeukia, "Mura, kwani ananifukuza lini?" Afisa akacheka, akaandika 14, akagonga muhuri.

Mkuria anayesoma hapa atanikumbusha kwamba hata kwa mila zetu binti aliyeolewa ni mgeni anaporudi kwao. Ni kweli. Huchinjiwa, hutengewa kigoda, na watu huuliza habari za huko alikotoka. Lakini hakuna mzazi amwambiaye siku ya kuondoka. Shangazi alikichukua kile kijikaratasi, akakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na fedha zake, na njia nzima alikuwa akikigusa kuona kama kipo. Siku ya nne alianza kuniuliza zimebaki ngapi.

Niseme sasa juu ya kosa langu mwenyewe, maana ni rahisi kuzungumza juu ya sheria ukiwa upande wa aliyeonewa. Mwaka 2001, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alinitembelea mwalimu mstaafu kutoka Uingereza. Tulifahamiana kwa barua. Alikuja kwa basi kutoka Nairobi, akalipa viza yake Sirari, akagongewa muhuri wa matembezi wa siku 90. Alipoona darasa la sita lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja wa Kiingereza, aliomba asaidie. Nikampa chaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi niliona nimetimiza maneno ya wahenga.

Sheria ya Uhamiaji, ile namba 7 ya mwaka 1995, inatazama tofauti na wahenga. Aliyeingia kwa matembezi haruhusiwi kushika jembe, awe analipwa au halipwi. Akitaka kufanya kazi, hata ya wiki chache, hana budi kuombewa pasi ya kazi ya muda, nayo ina ada yake. Hilo nililijua nusunusu, na ile nusu nyingine sikuitafuta. Wiki ya tatu mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha mgeni wangu mkutanoni akamtambulisha kwa fahari kuwa ni mwalimu wetu mpya. Haikuchukua siku nyingi akaja afisa shuleni. Alisimama mlangoni mwa darasa la sita kwa adabu, akasubiri kipindi kiishe, kisha akaniambia, "Mwalimu Mkuu, huyu ni mtalii gani mwenye chaki mkononi?"

Hakumkamata mtu. Alitupa nafasi ya kufuata utaratibu, lakini ada ilikuwa nje ya uwezo wa shule na mgeni wangu, mtu wa kiinua mgongo kama nilivyo mimi leo, hakutaka kubishana. Akarudi kupitia Sirari kabla siku zake hazijaisha. Nilimsindikiza. Pale dirishani alipokuwa akigongewa muhuri wa kutoka, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefukuzwa, na mimi niliyemponza nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika begi lake. Watoto wa darasa la sita walikuwa wamefika katikati ya hadithi aliyokuwa akiwasomea. Hatukuimaliza, kwa kuwa kitabu kilikuwa chake.

Ninaona sheria ile ina maana yake. Nchi isiyojua wageni wake wanafanya nini haitajua pia nani anawanyonya watu wake. Ila ningetamani mtu mmoja anionyeshe ni dirisha gani la ofisi linalouliza watoto wangapi wako darasani.

Mambo yamebadilika tena tangu hapo. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na tangu Julai 2010, Soko la Pamoja lilipoanza, raia wa nchi mwanachama akija matembezi hatozwi viza na anaweza kupewa hadi miezi 6. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, na zikaanza kutoa viza moja ya utalii kwa nchi zote tatu. Tanzania haikuingia katika mipango hiyo miwili. Kwa hiyo Mkenya anayekuja kwetu kwa njia ya halali bado anatakiwa kuwa na hati ya kusafiria. Mtalii wa mbali, kwa kawaida, hulipa dola 50, Mmarekani 100, na tangu mwishoni mwa 2018 anaweza kuomba viza kwa kompyuta kabla hajaondoka kwao. Akitokea Kenya awe na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu Julai 2016 haiishi muda. Pale Sirari na Isebania zamani ulipanga foleni mbili, moja kila upande. Leo kuna kituo cha pamoja: anayetoka Kenya anapita bila kusimama Isebania, na maafisa wa nchi zote mbili anawakuta katika jengo moja upande wetu.

Lakini Bologonja haikufunguliwa tena kwa watalii wavukao. Kwa sababu hiyo mgeni aliyelala Maasai Mara, anayeiona Serengeti kwa macho yake, hawezi kuikanyaga kwa kuvuka tu. Hupanda ndege ndogo hadi Migori, hushuka, hupanda gari hadi Isebania, hugongewa mihuri Sirari, huja kwa gari mpaka uwanja wa ndege wa Tarime, kisha hupanda ndege nyingine hadi Kogatende, kaskazini mwa hifadhi. Saa kadhaa zimepita naye yuko umbali mfupi kutoka pale alipokunywa chai asubuhi. Wakati huohuo makundi makubwa ya nyumbu wanaukata mpaka huo kila mwaka, kwenda na kurudi, na wengine huzalia upande mmoja na kufia upande mwingine.

Watu wengi husema huo ni upuuzi. Mimi siafiki. Nakumbuka vumbi la mwaka 1975, na ninajua barabara ya watalii ikishafunguliwa katikati ya mbuga haifungwi tena. Kama kuzunguka kwao kunamfanya dereva wa Tarime apate safari moja, acha wazunguke. Msimamo huu ni wa mtu wa Tarime, nakiri.

Mwaka jana alikuja kunisalimu mjukuu wa shangazi, kijana mhasibu wa Kisii. Alipita katika jengo la pamoja, akatoa pasipoti ya Afrika Mashariki, na hata hakuulizwa mengi. Jioni nilimwonyesha kile kijikaratasi cha bibi yake. Alikigeuza nyuma na mbele, akaniuliza mbona kina muhuri mmoja tu.

Nikamweleza ilivyokuwa. Siku ya tisa ulikuja ujumbe kwamba mtoto wa nyumbani kwake anaumwa. Ilikuwa jioni, na kwenda Sirari kugongewa muhuri wa kutoka kungemchelewesha hadi kesho yake. Akanikabidhi karatasi, akasema nikapite pale siku nyingine niwaambie amekwenda. Akashika njia ya mahindini, ileile ya usiku wa msiba. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, wiki ikapita, mwezi ukapita, sikwenda. Shangazi alifariki mwaka 1996 na kuzikwa kwa mumewe, ng'ambo. Kijana akakitazama tena, akahesabu kwa vidole, akasema kwa hesabu ya serikali bibi amepitiliza kwa miaka arobaini. Tukacheka, kisha akaniomba akipige picha kwa simu yake ampelekee mama yake.